Flesinoxan: Dawa Iliyofungiwa Kwenye Droo

Leo naweka kando mambo ya seva na lugha za programu, nataka tuongee kuhusu kidonge. Msishangae. Tukifika mwisho mtaona ni mada ile ile tunayoizungumzia kila siku hapa: nani anamiliki maarifa, na nini hutokea mwenye kuyamiliki akiamua kuyafungia.

Kidonge chenyewe kinaitwa flesinoxan. Usiende kukiulizia kwa duka la dawa, iwe Nairobi, London au New York. Hakikuwahi kuuzwa popote. Ni dawa iliyobuniwa Uholanzi miaka ya 1980, ikajaribiwa kwa binadamu wenye ugonjwa wa sonona, ikaonyesha dalili za kutia moyo, halafu kampuni ikaamua kutoendelea nayo. Basi, hadithi ikaishia hapo. Hakukuwa na kesi mahakamani wala kashfa magazetini. Ilizimwa tu, kama unavyozima kompyuta ya ofisi Ijumaa jioni.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili tusizungushane. Dawa ikishamezwa na mgonjwa hata mmoja aliyejitolea, matokeo yake yasibaki siri ya kampuni. Iwe ilifaulu, ilifeli au iliachwa njiani, matokeo yachapishwe yote. Sasa nieleze kwa nini.

Kabla sijaendelea: mimi ni mwandishi wa programu, si daktari. Kama unatumia dawa za sonona, usiache wala usipunguze kwa sababu ya makala haya. Ongea na daktari wako kwanza. Kuacha ghafla kunaweza kukuletea matatizo.

Serotonini kwa lugha ya fundi wa kompyuta

Sonona ni ule ugonjwa ambao wengi wetu huuita tu "stresi" au "mawazo mengi", lakini si kitu kimoja. Stresi ikiondolewa kinachoisababisha huenda ikaisha. Sonona hukaa wiki kwa wiki, mtu hana raha na kitu chochote, halali au analala kupita kiasi, hali, na wengine hufikia kutamani kufa. Ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa.

Ubongo umejaa seli za neva, na seli hizi hazijaunganishwa moja kwa moja kama waya. Kati ya seli moja na nyingine kuna mwanya mdogo sana. Seli inayotuma ujumbe humwaga kemikali kwenye mwanya huo, na seli inayopokea huwa na vipokezi vinavyoinasa. Serotonini ni mojawapo ya kemikali hizo. Kazi ikiisha, seli iliyoituma huifyonza tena ili itumike siku nyingine, kama chupa za soda zinavyorudishwa dukani.

Dawa nyingi za sonona zinazojulikana leo huziba mlango huo wa kufyonza. Fluoxetine, inayojulikana zaidi kwa jina la Prozac na iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, hufanya hivyo. Serotonini inabaki kwenye mwanya muda mrefu zaidi.

Hapo ndipo panapovutia kwa sisi tunaochezea mifumo. Seli inayotuma serotonini ina kipokezi chake yenyewe kinachopima kiasi kilichomwagwa. Kipokezi hicho huitwa 5-HT1A. Kikiona serotonini imezidi, kinafunga breki, na seli inapunguza kutuma. Kama umewahi kusimamia seva unaijua hii: maombi yakiwa mengi mno, kuna kidhibiti kinachopunguza kasi ili mfumo usilemewe. Kwa hivyo mgonjwa anaanza dawa, serotonini inapanda, breki inafungwa, na kinachopatikana siku za kwanza ni kidogo. Inachukua wiki kadhaa breki hiyo ilegee. Ni mojawapo ya sababu zinazotolewa kueleza kwa nini mgonjwa humeza dawa leo na kusubiri wiki mbili, nne, au sita ndipo aone nafuu. Kwa mtu anayetamani kufa, wiki sita ni muda mrefu sana.

Wataalamu wakajiuliza: badala ya kuziba mlango wa kufyonza, kwa nini tusiende moja kwa moja kwa 5-HT1A? Kipokezi hiki hakipo upande wa kutuma peke yake. Kipo pia kwenye seli zinazopokea, katika sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na kumbukumbu. Dawa inayokiwasha ingelegeza breki upande mmoja na kufikisha ujumbe upande wa pili, bila kugusa vipokezi vingine vya serotonini, ambavyo ni zaidi ya kumi na baadhi yake huchangia kichefuchefu na matatizo mengine.

Dawa ya kwanza kubwa ya njia hii ilikuwa buspirone, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1986 kwa ajili ya wasiwasi uliopita kiasi. Lakini buspirone hukiwasha kipokezi nusu nusu, kama taa ya stima inapokuwa dhaifu. Flesinoxan ilikuwa tofauti. Iliwasha 5-HT1A kwa nguvu zaidi, na ilichagua kipokezi hicho vizuri kuliko nyingi za wakati wake.

Nisiwadanganye pia kwamba sonona ni upungufu wa serotonini na mambo yameisha. Mapitio makubwa ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2022 hayakupata ushahidi thabiti kwamba watu wenye sonona wana serotonini kidogo kuliko wengine. Kugusa mfumo wa serotonini kunaweza kumsaidia mgonjwa hata kama serotonini siyo chanzo cha ugonjwa, vile tu paracetamol inavyotuliza kichwa ilhali hakuna anayeugua upungufu wa paracetamol. Ubongo ni mfumo usio na kitabu cha maelezo. Unabonyeza kitu, unaona kinachotokea, unaandika. Na kama kuandika ndiyo njia pekee ya kujifunza, basi karatasi iliyofichwa ni hasara kwa wote.

Kutoka Weesp hadi kusikojulikana

Flesinoxan ilitoka kwa kampuni ya Duphar, mjini Weesp, Uholanzi. Duphar ilikuwa chini ya Philips, ndiyo, hao hao wa redio na balbu, hadi iliponunuliwa na Solvay ya Ubelgiji mwaka 1980. Maabara hiyo haikuwa ya kubahatisha. Ndiyo iliyotoa fluvoxamine, mojawapo ya dawa za kwanza za kuziba mlango wa serotonini, iliyoanza kuuzwa Uswisi mwaka 1983.

Mwanzoni flesinoxan, iliyokuwa na namba ya maabara DU 29373, ilikusudiwa kuwa dawa ya presha. Ilishusha presha kwa kupitia ubongo. Baadaye wanyama wa maabara wakaonyesha kwamba huenda inafaa pia kwa sonona na wasiwasi, na njia ikabadilishwa. Mwaka 1993 likachapishwa jaribio dogo kwa wagonjwa wa sonona ambao dawa nyingine zilikuwa zimewashinda. Baadhi yao walipata nafuu.

Hapa tuwe waangalifu. Lilikuwa jaribio la wazi, yaani mgonjwa na daktari wote walijua kinachomezwa, na hapakuwa na kundi la kulinganisha lililopewa plasebo, kile kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani. Kwenye sonona, watu wengi hupata nafuu hata kwa plasebo. Kwa hivyo jaribio la namna hiyo haliwezi kukuambia dawa inafanya kazi. Linakuambia tu kwamba inafaa kujaribiwa vizuri zaidi. Na si kila habari ilikuwa nzuri. Mwaka 1996 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio kwa watu wenye ugonjwa wa kushikwa na hofu ya ghafla, na huko flesinoxan haikusaidia.

Kwa hivyo sisemi kwamba dunia ilinyimwa dawa ya ajabu. Mtu akikuambia hivyo, muulize ushahidi uko wapi. Kinachoniuma ni kwamba swali liliulizwa, pesa zikatumika, watu wakajitolea miili yao, na jibu kamili halikuwekwa mahali ambapo mimi au wewe, au daktari wa pale Mathari, tunaweza kulisoma.

Halafu angalia faili lenyewe lilivyosafiri. Mwaka 2010 Solvay iliuza kitengo chake chote cha dawa kwa Abbott ya Marekani. Mwaka 2013 Abbott ikagawanyika, na AbbVie ikazaliwa. Mwaka 2015 Abbott ikauza sehemu nyingine ya biashara ya dawa kwa Mylan. Wale mliowahi kufanya kazi kwa kampuni iliyonunuliwa mnajua kinachotokea. Bidhaa inayoingiza pesa inahamishwa kwa uangalifu. Mradi ulioachwa miaka mingi iliyopita unabaki kwa diski ambayo hakuna anayejua nywila yake, na yule mzee aliyeuelewa ameshastaafu.

Droo ikifungwa, wanaoumia ni nani?

Unaweza kuniuliza: dawa haikuuzwa, hakuna aliyedhurika, shida iko wapi? Ngoja nikupe mfano wa nje ya sonona kwa sababu ndio ulio wazi zaidi.

Mwaka 1980, huko Uingereza, dawa ya kurekebisha mapigo ya moyo iitwayo lorcainide ilijaribiwa kwa wagonjwa wasiofika 100 waliokuwa wamepata mshtuko wa moyo. Kwa waliopewa dawa walifariki 9. Kwa waliopewa plasebo alifariki 1. Watafiti walidhani ni bahati mbaya tu. Kampuni ikaachana na lorcainide kwa sababu za kibiashara, na matokeo yakakaa bila kuchapishwa hadi 1993. Katikati ya miaka hiyo, dawa nyingine za aina hiyo hiyo ziliandikiwa wagonjwa wengi wa moyo. Ni mwaka 1989 ndipo jaribio kubwa la Marekani lilipoonyesha kuwa mbili kati yake, encainide na flecainide, ziliongeza vifo badala ya kuvipunguza. Watafiti wa lorcainide wenyewe walikuja kuandika kwamba matokeo yao, kama yangetoka mapema, yangekuwa onyo.

Dawa iliyokuwa imekufa ndiyo iliyokuwa na habari iliyohitajika na walio hai.

Turudi kwenye sonona. Mwaka 2008 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha kazi ya Erick Turner na wenzake. Turner aliwahi kufanya kazi FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, kwa hivyo alijua droo ziko wapi. Walichukua majaribio 74 ya dawa 12 za sonona yaliyosajiliwa FDA, kisha wakaangalia ni yapi yalichapishwa. FDA iliyahesabu majaribio 38 kuwa yamefaulu, na kati ya hayo 37 yalichapishwa. Yaliyobaki 36 hayakufaulu au yalikuwa na utata. Kati ya hayo, 22 hayakuchapishwa kabisa, na mengine 11 yaliandikwa kwa namna ya kuonekana kama yamefaulu. Ni 3 tu yaliyochapishwa kama yalivyokuwa.

Fanya hesabu. Daktari anayesoma majarida aliona kwamba asilimia 94 ya majaribio yamefaulu. Kwa hesabu ya FDA ilikuwa asilimia 51. Kwetu sisi ni sawa na mtu kukuonyesha majaribio yote ya programu yake yakiwa ya kijani, kumbe ameyafuta yaliyokuwa mekundu. Ungempa mtu huyo mfumo wa benki?

Na hizo 12 ni dawa zilizofika sokoni. FDA ilikuwa na faili zake kwa sababu kampuni ziliomba kibali. Dawa kama flesinoxan, isiyofika sokoni, haina hata hiyo nafasi ya kukaguliwa na mtu kama Turner.

Ndugu wawili wenye bahati tofauti

Linganisha na dawa inayoitwa gepirone. Nayo inalenga 5-HT1A, nayo ni ya miaka ya 1980. Ilianzia kwa Bristol-Myers, ikapita mikono kadhaa, na kampuni ndogo ya Texas iitwayo Fabre-Kramer ikakataa kuiacha. FDA iliikataa mwaka 2002, ikaikataa 2004, ikaikataa tena 2007. Majaribio mengi hayakuonyesha tofauti na plasebo, mawili yalionyesha. Mwaka 2015 jopo la washauri wa FDA lilikaa na kupiga kura kwa kikao cha wazi, likaikataa kwa kura 9 dhidi ya 4. Mwaka uliofuata wakubwa wa FDA wakaamua tofauti na jopo, na Septemba 2023 dawa ikaidhinishwa kwa jina la Exxua.

Je, ni uamuzi mzuri? Wapo wanaosema majaribio mawili kati ya rundo la yaliyoshindwa ni kama kutupa kete hadi upate sita. Wapo wanaosema mgonjwa ambaye dawa nyingine zimemshinda anastahili njia nyingine. Mimi naelekea upande wa wenye shaka, lakini hilo si muhimu. La muhimu ni kwamba tunaweza kubishana. Karatasi za kikao cha 2015 ziko wazi, pamoja na majaribio yaliyoshindwa. Mtu yeyote mwenye muda na intaneti anaweza kuzisoma na kufanya hesabu yake. Kwa gepirone tuna ubishi, na ubishi ni maarifa yanayotembea. Kwa flesinoxan tuna kimya.

Kuna ndugu mwingine, wa tumbo moja kabisa. Duphar ilibuni pia eltoprazine, dawa ya serotonini iliyokusudiwa kupunguza ukali na ugomvi kwa wagonjwa wa akili. Nayo iliwekwa kando. Lakini watafiti wengine waliichukua baadaye, na mwaka 2015 yakachapishwa matokeo ya jaribio dogo kwa wagonjwa wa Parkinson, kuona kama inapunguza mitikisiko inayoletwa na dawa zao za kawaida. Ilionyesha dalili za kusaidia. Hiyo haijaifanya kuwa dawa ya madukani, lakini ona tofauti: mtu alifungua droo, akauliza swali ambalo wenye dawa hawakuwa wameliuliza.

Tumeshaiona hii kwenye programu

Mwaka 1998 Netscape ilikuwa inazidiwa na Microsoft. Kivinjari chao kilikuwa kinaelekea kaburini. Wakafanya jambo ambalo wengi waliliona la wazimu: wakauweka msimbo wao wote wazi, kila mtu ausome na kuutumia. Msimbo wenyewe ulikuwa na fujo nyingi na sehemu kubwa ilibidi iandikwe upya. Lakini kutoka kwa jalala hilo ikazaliwa Mozilla, na mwaka 2004 ikatoka Firefox.

Nenda SourceForge uone miradi iliyokufa, maelfu na maelfu. Mingi haina faida kwa mtu. Lakini msimbo upo, na kumbukumbu za hitilafu zipo. Mara nyingi nimepata jibu la tatizo langu ndani ya mradi ambao mwenyewe aliuacha miaka kumi iliyopita, kwa sababu aliandika sentensi moja: "njia hii nimeijaribu, haifanyi kazi kwa sababu hii." Sentensi hiyo imeniokolea siku tatu za kazi. Kwa dawa, sentensi kama hiyo inaweza kuokoa mtu.

Hata kampuni za dawa zinajua hili linawezekana. Mwaka 2012 taasisi ya afya ya taifa ya Marekani, NIH, ilianzisha mpango ambapo kampuni 8 kubwa zilitoa molekuli 58 zilizokuwa zimewekwa kando, pamoja na habari zake, ili watafiti wa nje wazitafutie matumizi mapya. Hakuna kampuni iliyofilisika kwa ajili hiyo. Na mwaka 2013 kundi la watafiti liliandika katika jarida la BMJ likitaka majaribio yaliyotelekezwa yachapishwe na watu wengine ikiwa wenyewe hawataki. Walisema wazi: tupeni karatasi, sisi tutaandika.

Hoja za upande wa pili

Haki bin haki, tusikilize na upande wa kampuni.

Wanasema kuna siri za biashara. Nakubali, kwa muda. Ndiyo maana kuna hataza, ile haki ya kuwa mtengenezaji pekee, na kwa kawaida hudumu miaka 20. Hataza ya miaka ya 1980 imekwisha zamani. Siri gani ya biashara inabaki kwa bidhaa ambayo huiuzi na hutaiuza?

Wanasema kuna faragha ya wagonjwa. Hoja hii naiheshimu zaidi, hasa kwa ugonjwa wa akili, ambapo jina likivuja mtu anaweza kupoteza kazi. Lakini hatuhitaji majina. Tunahitaji idadi: wangapi walianza, wangapi walimaliza, wangapi walipata nafuu, wangapi walidhurika na kwa namna gani. Ripoti ya jaribio inaweza kutolewa bila kumtaja mtu yeyote.

Wanasema ni gharama kutafuta makaratasi ya zamani. Kweli, ni gharama. Lakini gharama hiyo ni tone ikilinganishwa na bei ya kufanya jaribio jipya kwa ajili ya swali ambalo lilishajibiwa.

Hoja ambayo hawaisemi kwa sauti ni aibu. Hakuna anayependa kuonyesha alichoshindwa. Sisi wa programu huria tuliipita hiyo zamani. Hitilafu zetu ziko hadharani, na tarehe, na jina la aliyezisababisha. Unazoea.

Na sisi huku?

Kenya haina kampuni iliyobuni dawa ya sonona. Tunanunua. Madaktari wetu huandika hasa amitriptyline na fluoxetine, ambazo ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, orodha ambayo nchi nyingi, Kenya ikiwemo, huitumia kama msingi wa zao. Wanaoandika orodha na miongozo hiyo hufanya kazi kwa kusoma kilichochapishwa. Kama kilichochapishwa kimechujwa kule kilikotoka, mchujo huo unatufikia hadi zahanati ya mwisho kijijini, na hatuna namna ya kuuona. Nchi tajiri angalau zina watu kama Turner wanaojua droo ziko wapi.

Halafu majaribio ya dawa hufanyika hapa pia, ya chanjo, ya malaria, ya Ukimwi. Wakenya hujitolea. Afrika tangu 2009 ina daftari lake la majaribio linalotambuliwa na Shirika la Afya Duniani, lenye makao Cape Town. Kwa hivyo hili si jambo la Wazungu peke yao. Siku kampuni itakapobadilisha mawazo katikati ya jaribio linalofanyika Kisumu au Kilifi, aliyejitolea ana haki ya kujua mchango wake umeishia wapi.

Kilichofanyika, na kinachobaki

Mambo yamesonga, nisiwe mtu wa kulalamika tu. Daftari la ClinicalTrials.gov lilifunguliwa mwaka 2000. Sheria ya Marekani ya 2007 ililazimisha matokeo ya majaribio mengi yawekwe hapo, na kanuni zilizotolewa 2016 zikaongeza kitu kinachotuhusu leo: hata dawa ambazo hazikuidhinishwa. Ulaya nayo mwaka 2016 ilianza kutoa ripoti za majaribio, zikiwemo za maombi yaliyokataliwa au kuondolewa. Mwaka 2025 FDA ikaanza kuchapisha barua zake za kukataa dawa.

Lakini kanuni hizi zinaangalia mbele. Majaribio ya awali kabisa kwa watu wenye afya hayamo kwenye sheria ile ya Marekani. Na yaliyokamilika kabla ya 2007, kama ya flesinoxan, yameachwa nyuma ya mlango. Kwa hivyo mimi ningependekeza mambo manne:

1. Kila jaribio lisajiliwe kabla ya mtu wa kwanza kumeza dawa, likiwemo lile la awali kabisa.

2. Dawa ikiachwa, kampuni iwe na mwaka mmoja wa kutoa matokeo yote na sababu ya kuiacha. "Hatuna pesa" ni sababu halali. "Iliwaumiza watu" ni sababu halali. Kimya si sababu.

3. Kampuni ya dawa ikinunuliwa, faili za dawa zilizoachwa ziwekwe kwenye hifadhi ya umma kama sharti la mauzo. Serikali hukagua mauzo haya kwa ajili ya ushindani wa biashara. Waongeze swali moja.

4. Kamati zetu za maadili ya utafiti hapa nchini zidai fomu ya kukubali kushiriki iseme wazi: jaribio likisimamishwa, matokeo yatawekwa wapi na lini. Hili halihitaji kusubiri Washington wala Brussels. Ni sentensi moja kwenye fomu.

Kwenye utafiti mkubwa wa Marekani ulioitwa STAR*D, uliochapishwa 2006, takriban theluthi moja tu ya wagonjwa wa sonona ndio waliopona dalili kwa dawa ya kwanza waliyopewa. Wengine walihitaji ya pili, ya tatu, na wengine hawakufika. Huenda flesinoxan ingewafaa baadhi yao. Huenda isingemfaa yeyote. Wagonjwa waliokubali kuimeza miaka ile walitoa sehemu yao ya jibu, na hawakuitoa ili ikae kwenye droo ya kampuni ambayo hata jina lake limeshabadilika.

Haya, hayo ndiyo yangu. Madaktari na wafamasia mnaopita hapa, nikosoeni panapostahili. Juma lijalo tunarudi kwenye seva.